Raundi Hii ni Yangu!

Niwe mkweli tangu mwanzo, mpenzi msomaji: mimi si mtu wa baa. Nimelelewa Tabora na mama ambaye akimwona binti amekaa baa peke yake, anamhesabia ameshapotea. Hata hapa Dar, nikitoka na shemeji yenu Ijumaa jioni, mimi ni yule wa kona ya meza, Stoney Tangawizi mkononi, nyama choma mbele yangu, maongezi namwachia yeye. Sasa mtu huyohuyo, mwaka 2023, nikajikuta nimesimama kwenye kaunta ya pabu mjini Cambridge, Uingereza, nawanunulia vinywaji watu watano wa mataifa manne, kwa kimombo changu mwenyewe. Ilikuwaje? Tulia nikupe stori yote.

Kilichonipeleka

Kazini walinipandisha cheo. Raha, lakini cheo chenyewe kilikuja na mikutano ya kila wiki na wenzetu wa Nairobi, yote kwa Kiingereza. Kuandika naandika vizuri tu. Tatizo langu lilikuwa mdomo, na nilijua kabisa lilianzia wapi.

Mwaka 2021 tulialikwa chakula cha jioni na wafanyakazi wenzake shemeji yenu, hoteli moja ya kando ya bahari. Nikawa nasimulia jinsi shangazi yangu alivyomkimbiza mwizi wa kuku kwa mwiko wa ugali. Stori tamu, watu wote wametega masikio. Katikati nikasema "he" badala ya "she". Si mnajua lugha yetu, yeye ni yeye, awe mwanamume awe mwanamke. Shemeji yenu, ambaye kasoma shule za Kiingereza tangu chekechea, akanikata hapohapo: "She, baby, she." Meza nzima ikacheka. Na mimi nikacheka. Stori ya shangazi haikuisha.

Naapa hakuwa na nia mbaya. Lakini tangu siku ile, akiwepo yeye, Kiingereza sisemi. Tukienda hotelini anaagiza yeye: mke wangu atakula samaki. Na siku nyingine samaki wenyewe wala sikuwa nawataka! Kimya kile kikaanza taratibu kuhamia nyumbani. Hata kwa Kiswahili nikawa napima maneno kabla sijayatoa. Ndoa ya miaka mitatu, jamani, halafu unakaa sebuleni unatazama taarifa ya habari kama abiria wawili kwenye daladala.

Basi nikaiomba ofisi inilipie nusu ya ada, nusu nikaitoa kwenye pesa yangu ya upatu, nikaenda kusoma wiki 12 katika shule ya lugha. Shemeji yenu alinisindikiza uwanja wa ndege. Akasema, "Nenda, utaongeza kujiamini." Sikumjibu.

Dakika 20 bila huduma

Cambridge ni mji wa baiskeli, mto mdogo na vyuo vya karne nyingi. Umejaa pia wanafunzi wa lugha kutoka kila kona ya dunia. Darasani kwetu kulikuwa na dada wa Kibrazil, vijana wawili wa Kikorea, mama wa Kiitaliano na kaka mmoja wa Kituruki. Ijumaa ya kwanza baada ya masomo wakaamua twende Fort St George, pabu iliyo ukingoni mwa mto Cam, kwenye uwanja wa majani wa Midsummer Common. Ng'ambo ya mto ziko nyumba za kuhifadhia mitumbwi ya mashindano, na wanafunzi wanapita wakipiga makasia kama wanafukuzwa.

Mimi nilisita mlangoni. Sauti ya mama ilikuwa sikioni. Lakini ndani nikamkuta bibi wa miaka kama 70, peke yake, anajaza chemshabongo ya gazeti na glasi ya divai mbele yake. Pembeni familia yenye watoto inakula. Chini ya meza kalala mbwa. Mbwa, ndani ya baa! Nikasema kama mbwa na bibi wameruhusiwa, mimi ni nani.

Tukachukua meza. Tukasubiri. Dakika 5, 10, 20. Hakuna aliyekuja. Dar ningeshaita, "Dada, njoo utusikilize!" Kaka wa Kituruki alishaanza kununa, anaona tumebaguliwa. Mwishowe mzee mmoja wa meza ya jirani, mwenye mbwa, akatuinamia na kunong'ona kama anatupa siri ya serikali: hapa hakuna anayekuja kwako, unakwenda wewe kwenye kaunta.

Yaani fikiria. Kwetu unakaa kama mfalme, baamedi anakuja, anauliza ya moto au ya baridi, na chupa tupu zinabaki mezani ili hesabu isipotee. Kule unanyanyuka, unasema unachotaka, unalipa hapohapo, unabeba mwenyewe. Mtu asiyefungua mdomo anaweza kukaa mpaka wafunge akiwa na kiu yake. Mimi, niliyekuwa naagiziwa samaki miaka miwili, nikaona kama mtu kanitengenezea mtihani kwa makusudi.

Nikajikaza kisabuni, nikaenda. Dada wa kaunta akaniangalia, akasema: "You all right?" Jamani! Mimi si nikaanza kumjibu salamu: nzuri, asante, na wewe je, umeshindaje? Watu nyuma yangu wanasubiri. Kumbe pale maana yake ni "nikupe nini?" Nilipoelewa, niliomba kitu pekee nilichokiona chenye jina la tangawizi: ginger beer. Nikarudi mezani nikijihisi mlevi kabla ya kunywa, maana jina linasema bia. Kuonja hivi: Stoney kabisa! Haina kilevi. Nusura nilie, nikakumbuka kwetu.

Foleni isiyoonekana

Baadaye mwalimu wetu alituletea darasani mambo ya Kate Fox, mtafiti wa Kiingereza aliyeandika kitabu cha mwaka 1996 cha kuwafundisha watalii adabu za pabu, kisha kingine maarufu mwaka 2004 kuhusu tabia za Waingereza. Huyu mama amekaa kwenye mapabu akiwachunguza watu wake kama sisi tunavyochunguzwa. Anachosema ni kwamba kaunta ya pabu ni mojawapo ya sehemu chache sana Uingereza ambapo ruksa kumwongelesha mtu usiyemjua. Kwenye basi wanakaa kimya kama msibani. Ukisimama kaunta, mtu anakwambia habari za mvua, za mpira, za mbwa wake, na hata za talaka yake.

Halafu kuna foleni. Waingereza wanapanga mstari kwa kila kitu, ila kaunta ya pabu hakuna mstari. Watu wamesambaa tu. Lakini kila mmoja anajua nani kaja kabla yake, na mhudumu anajua pia. Usipunge noti, usipige vidole, usifanye "psss". Unasimama, unashika pochi au glasi tupu ionekane, unamtafuta jicho. Akikosea akakuita kabla ya zamu yako, unamwonyesha mwenye zamu. Na bakshishi ya kuacha mezani hakuna. Ukifurahia huduma, unamwambia anayekuhudumia ajinunulie na yeye kimoja. Heshima yake ni kwamba umemweka kwenye kundi la wanywaji, hukumtupia sarafu.

Bia yenyewe sitajifanya mtaalamu. Wenzangu walioijaribu ale ya asili, ile inayovutwa kwa mkono wa pampu kutoka kwenye pipa la chini ya sakafu, walilalamika kuwa ni ya moto. Si ya moto. Inatunzwa nyuzi joto 11 hadi 13 hivi, baridi ya mtungini, wala si ya friji. Mwaka 1971 Waingereza walianzisha hata chama, CAMRA, cha kuitetea bia ya namna hiyo isife. Wanauza kwa painti, ambayo ni mililita 568, au nusu painti. Bei ilikuwa kizunguzungu: pauni tano na ushee kwa painti moja, zaidi ya shilingi 15,000 za wakati ule. Dar kwa hela hiyo unakunywa wewe, na jirani, na anayepita njia.

Raundi ni upatu

Sasa tuje kwenye kitu kilichonibadilisha. Kule hakuna "nani katoa ofa leo". Kuna raundi. Mkiwa kundi, mmoja anawanunulia wote. Glasi zikikaribia kuisha, mwingine anasimama. Hakuna anayetangaza wala kuandika, ila kila mtu anakumbuka. Anayekunywa raundi tatu za wenzake halafu akakumbuka basi la mwisho, huyo jina lake limekwisha.

Dada wa Kibrazil alipata shida kuelewa. Mimi nilielewa siku ileile, kwa sababu raundi ni upatu! Leo nakupa, kesho unanipa, na kinachotufunga si pesa, ni kuaminiana. Mwanamke wa Kiswahili aliyekulia kwenye michezo ya kina mama hahitaji kufundishwa hilo. Na kama kundi ni kubwa, wanafunzi tusio na kitu tulijigawa wawili au watatu, kila kikundi raundi zake, tusije tukafilisika.

Na kule raundi haina jinsia. Wanaume wa kundi letu walikaa, wakaniambia wanataka nini, wakasubiri. Mara ya kwanza mikono ilitetemeka. Vinywaji sita, majina sita, trei moja. Nilivyorudi bila kumwaga tone, mama wa Kiitaliano alipiga makofi. Kazini nasaini hundi za mamilioni, lakini trei ile ndiyo iliyonipa kiburi.

Usiku wa chemshabongo

Wiki ya nane mzee wa mbwa, ambaye sasa tulishakuwa marafiki, akatualika kwenye mashindano ya maswali. Pabu nyingi zina usiku mmoja wa namna hiyo kwa wiki. Mnakaa kwa timu, mnajipa jina la kuchekesha, simu marufuku, mtu anasoma maswali kwenye kipaza sauti, majibu kwenye karatasi.

Sisi tulikuwa hovyo. Wafalme wao hatuwajui, kriketi hatuijui. Likaja swali: mwimbaji Freddie Mercury alizaliwa wapi? Timu nzima ikaanza kunong'ona. London. Hapana, India. Mimi moyo unanidunda. Jibu ninalo! Mji Mkongwe, Zanzibar, mwaka 1946, nimeshapita pale mara ngapi! Lakini mdomo umefungwa. Nasikia ile meza ya hotelini inacheka. Muda unakwisha. Nikafumba macho nikalitoa lote kwa pamoja: "She was born in Zanzibar!"

"She." Freddie Mercury na masharubu yake yote.

Nilisubiri kicheko. Mzee wa mbwa akauliza kitu kimoja tu: una uhakika? Nikasema mia kwa mia, ni nyumbani kwetu. Akaandika. Ilikuwa sahihi, na meza yetu ilikuwa miongoni mwa chache zilizopata. Hakuna aliyegusa ile "she". Walichohitaji ni jibu, na jibu nililikuwa nalo tangu mwanzo.

Kabla sijamleta shemeji yenu

Nikupe machache kama na wewe au mpenzi wako mna safari:

- Umri wa kununua pombe ni miaka 18, lakini ukionekana chini ya 25 wanaweza kukuomba kitambulisho. Ukiwa na sura ya kitoto, tembea na cha picha.
- Hunywi pombe? Hakuna anayejali. Omba ginger beer, juisi, au soda ya ndimu. Upo kwenye raundi kama wengine.
- Chakula unaagiza kaunta pia, ila kwanza angalia namba ya meza yako. Jumapili ulizia nyama ya kuoka na viazi vyake.
- Kengele ikigongwa karibu na saa 5 usiku, usidhani ni moto. Wanakwambia ni nafasi ya mwisho ya kuagiza. Tangu sheria mpya ilipoanza Novemba 2005 pabu zinaweza kuomba kukesha zaidi, lakini nyingi bado zinafuata saa zilezile.
- Nenda mapema. Pabu zinapungua. Mwaka 2000 Uingereza ilikuwa na zaidi ya 60,000. Sasa zimebaki kama 45,000.

Meza ya The Eagle

Wiki ya mwisho, Desemba, shemeji yenu akaja. Saa 10 jioni giza, baridi ya kuuma masikio. Nikampeleka The Eagle, mtaa wa Bene't, kwa sababu nilijua anapenda historia. Chumba cha nyuma dari yake ina majina ya marubani na wanajeshi wa anga wa Vita vya Pili, waliyachora kwa mishumaa na viberiti vya gesi, mengine kwa rangi ya midomo. Na inasimuliwa kwamba ni katika pabu hiyo, tarehe 28 Februari 1953, Francis Crick aliingia wakati wa chakula cha mchana akawatangazia watu kwamba yeye na James Watson wamegundua siri ya uhai, yaani umbo la DNA. Maabara yao ilikuwa jirani hapo. Kwa miaka mingi kibao cha ukumbusho kiliwataja wao wawili. Mwaka huohuo wa 2023 kikawekwa kipya, kinachomtaja pia Rosalind Franklin, mwanasayansi ambaye kazi yake ya picha za eksirei iliwasaidia kufika pale. Miaka 70 imepita, na mwenyewe alishafariki tangu 1958. Nilikisoma kile kibao mara mbili.

Wenzangu wote walikuwepo. Shemeji yenu akakaa, akangoja. Baada ya dakika kumi akasema, "Huduma ya hapa mbovu." Nikamwambia kule unafuata mwenyewe. Akaenda, kifua mbele, na kile Kiingereza chake cha shule za gharama. Nikamwona kwa mbali anapunga noti ya pauni 20. Wanahudumiwa wa kulia, wa kushoto, yeye wapi. Akarudi mikono mitupu.

"Kaa, baba," nikamwambia. "Raundi hii ni yangu."

Niliporudi na trei, baba mtu mzima wa kaunta akanisindikiza na neno lao lile, "love". Shemeji yenu shingo ikakakamaa. Ikabidi nimweleze kwamba kule hata bibi wa chemshabongo anaitwa hivyo.

Kisha mama wa Kiitaliano akaniomba stori. Sijui shetani gani alinituma, nikaanza ile ya shangazi na mwizi wa kuku. Kwa Kiingereza. Mbele yake. Nikafika palepale, na ulimi ukateleza palepale: "he". Nikamtupia jicho. Mdomo wake ulishafunguka. Naapa niliuona umefunguka. Akaufunga. Akainua glasi akanywa.

Nikaendelea. Shangazi akamkimbiza mwizi hadi mtoni, mwizi akateleza, shangazi akamvuta kwa shati asizame, akampiga mwiko mmoja, halafu akampeleka nyumbani akampa ugali. Na kuku. Watu walicheka hadi mbwa wa meza ya jirani akaamka.

Tukarudi kwa miguu kupitia King's Parade, mikono mifukoni, hatusemi. Karibu na geti la chuo akasimama.

"Sikujua kama alimpa chakula," akasema.

"Nani?"

"Shangazi. Yule mwizi. Miaka yote nilidhani alimpiga tu."

"Hukuniacha nimalize."

Akakaa kimya kidogo. "Samahani, mke wangu."

Sitawadanganya kwamba kila kitu kilinyooka usiku mmoja. Bado anateleza, bado nachapia. Mikutano ya Nairobi naiongoza mimi sasa, na "he" na "she" vinapishana kama bodaboda. Lakini wiki ya kwanza tuliporudi Dar tulikwenda kula kwenye hoteli ileile ya kando ya bahari. Mhudumu alipokuja, shemeji yenu alichukua menyu zote mbili, akazisukuma upande wangu.

Niliagiza kuku. Wawili.